Kadenge na Mpira, na Baada ya Mpira Je?

SOMO LA KIKUNDI

Lengo la somo: Kuona jinsi kipaji na nguvu za ujana zinavyoweza kumlinda mtu hata baada ya ujana kupita, na kikundi kinaweza kusaidia vipi.

Muda: Saa moja na nusu.

Vifaa: Ubao au karatasi kubwa, na daftari la hesabu la kikundi.

Namna ya kulitumia: Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikize. Mkifika penye swali, simameni mjadili kwanza ndipo muendelee. Hata kama kikundi chenu ni cha akina mama wa kuku au cha wavuvi, msiseme "hili ni la wacheza mpira". Ngojeni mwisho, mtajiona ndani yake.

1. SAUTI YA MTOTO WA FRERE TOWN

Ndugu wasomaji, tuanze hapa hapa kwetu bara ya Mombasa, upande wa Kisauni. Frere Town kila mtu anapajua. Ni kijiji kilichoanzishwa na wamishonari katika miaka ya 1870 ili watumwa waliokombolewa wapate mahali pa kuishi. Kengele yao ndiyo iliyopapa Kengeleni jina lake.

Katika kijiji hicho, mwaka wa 1940, alizaliwa mtoto aitwaye Leonard Mambo Mbotela. Baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika kitabu "Uhuru wa Watumwa". Mtoto alipokua alikwenda Nairobi, na mwaka wa 1964 akaajiriwa na Sauti ya Kenya, redio ya taifa wakati huo. Akawa mtangazaji wa mpira.

Zama hizo nyumba nyingi hazikuwa na televisheni. Redio moja ilisikizwa na mtaa mzima. Watu walikaa barazani, wengine wamechuchumaa nje ya duka, na mechi waliiona kwa masikio. Mbotela aliitangaza mpaka ukadhani umekaa uwanjani. Na maneno yaliyomtoka mara kwa mara, yakashika nchi nzima, yalikuwa matatu tu: Kadenge na mpira!

Watoto walioviringisha karatasi na kamba wakapata mpira waliyasema wakikimbia. Hata leo mzee akiona mtu ana jambo na hataki kuliachia, atasema, "Huyo ni Kadenge na mpira." Mbotela alifariki tarehe 7 Februari 2025, lakini maneno yake yangali midomoni mwa watu.

Sasa tuulizane: Kadenge mwenyewe alikuwa nani? Na mpira ulipomtoka miguuni, alibaki na nini?

Swali la kwanza: Ni nani kikundini aliyewahi kusikia msemo huu? Aliusikia wapi?

2. KIJANA KUTOKA MAGHARIBI

Joe Kadenge alizaliwa mwaka wa 1935 magharibi mwa Kenya, sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Vihiga. Alicheza mbele, na sifa yake kubwa ilikuwa chenga. Aliichezea Maragoli United, halafu Abaluhya United. Abaluhya iliundwa mwaka wa 1964 kwa kuunganisha timu kadhaa za Waluhya, na ndiyo AFC Leopards ya leo.

Timu ya taifa aliichezea tangu kabla ya uhuru hadi miaka ya 1960. Wakati huo nchi za Afrika Mashariki zilishindania Kombe la Gossage, lililoitwa kwa jina la kampuni ya sabuni iliyolitoa. Lilianza mwaka wa 1926 kati ya Kenya na Uganda, baadaye Tanganyika na Zanzibar zikaingia.

Hapa kwetu Mombasa nako mpira ulikuwa moto, jamani. Ligi ya taifa ilianza mwaka wa 1963, na mwaka wa 1965 Feisal ya Mombasa iliwashinda wote ikachukua ubingwa. Mwaka wa 1966 ubingwa ukaenda kwa Abaluhya, timu ya Kadenge. Kwa hiyo wazee wetu hawakumsikia Kadenge kwenye redio tu. Yeye na wenzake walikuwa washindani wa timu ya nyumbani.

3. MAKOFI BILA MSHAHARA

Hapa ndipo somo letu linapoanza kuuma.

Katika miaka ile mpira wa Kenya haukuwa kazi ya mshahara. Klabu haikuwa mwajiri. Mchezaji alikuwa na kibarua chake, mwingine reli, mwingine bandarini, mwingine ofisini. Jioni alikwenda mazoezini, na Jumamosi au Jumapili aliingia uwanjani. Mashabiki walilipa kiingilio, uwanja ukajaa, makofi yakalia. Mchezaji alirudi nyumbani na sifa, na pengine nauli.

Mwaka wa 1965, mwaka ule ule wa ubingwa wa Feisal, serikali ilianzisha NSSF, hazina ya kuwawekea wafanyakazi akiba ya uzeeni. Lakini hazina hiyo ilikuwa ya mwajiri na mwajiriwa. Mchezaji hakuwa mwajiriwa wa klabu. Kwa hiyo, kwa kila bao alilofunga, hakuna hata senti moja iliyowekwa mahali kwa ajili ya uzee wake.

Tutazame mbali kidogo ili tuelewe. Marekani wana mpira wao wa aina nyingine, ambao mpira wenyewe una umbo kama yai na hubebwa mikononi. Nao ulianza kwa kuchezwa bila malipo. Tarehe 12 Novemba 1892, mjini Pittsburgh, klabu moja ilimlipa mchezaji hodari aitwaye William Heffelfinger dola 500 kwa mechi moja. Huyo ndiye anayehesabiwa kuwa mchezaji wa kwanza wa kulipwa katika mchezo huo. Miaka iliyofuata akawa mwalimu wa timu za vyuo vikuu.

Tunajuaje kwamba alilipwa? Hawakutangaza. Tunajua kwa sababu mtunza hesabu wa klabu aliandika: jina la mchezaji, kiasi cha pesa, na sababu ya kumlipa. Miaka mingi baadaye karatasi hiyo ilionekana, na leo watu wa mchezo huo wanaiheshimu kama cheti chao cha kuzaliwa. Hebu fikirini! Mstari mmoja wa mweka hazina umedumu zaidi ya miaka mia moja.

Je, wachezaji wetu waliojaza viwanja miaka ya 1960, nani aliwaandikia walichostahili?

Swali la pili: Fungueni daftari la kikundi. Mtu akilisoma miaka 20 ijayo, ataweza kujua nani alitoa nini, nani alipewa nini, na kwa sababu gani?

4. MCHEZAJI AKIWA MWALIMU

Mguu wa mchezaji una miaka yake. Akifika 35 hivi, vijana wanampita. Wengi hutamani kuwa makocha, kwa sababu wanasema, "Mpira naujua." Lakini kujua kucheza ni jambo moja, na kujua kufundisha ni jambo jingine. Fundi seremala hodari si lazima awe mwalimu hodari.

Tuchukue mfano wa Ghana. C.K. Gyamfi alikuwa mchezaji wao mkubwa. Mwaka wa 1960 alikwenda Ujerumani kuichezea Fortuna Düsseldorf, Mwafrika wa kwanza kucheza mpira wa ngazi hiyo huko. Akaona jinsi wenzetu wanavyopanga mazoezi na kazi. Aliporudi alikabidhiwa timu ya taifa akiwa bado kijana, na Ghana ikachukua Kombe la Afrika mwaka wa 1963, tena 1965, na tena 1982, yeye akiwa mwalimu.

Sisi Kenya tuliliona hilo kwa macho, tena kwa uchungu. Tarehe 12 Desemba 1965, siku ya sherehe zetu za taifa, Ghana walikuja Nairobi. Hata mwezi mmoja haukuwa umetimia tangu watwae ubingwa wa Afrika. Walitufunga mabao 13 kwa 2. Ndiyo, umesoma sawa: kumi na tatu! Vipaji tulikuwa navyo, na Kadenge ni ushahidi. Lakini wenzetu walikuwa wamejitayarisha, na waliwahi kumtumia mchezaji wao kama mwalimu.

Na Kadenge? Baada ya kuacha kucheza alijitafutia riziki, na kwa miaka mingi watu walimjua kama dereva wa teksi jijini Nairobi. Msiicheke kazi hiyo. Ni kazi halali, na mtu aliyeshangiliwa na nchi nzima kushika usukani na kuamka alfajiri ni mtu mwenye adabu ya kazi. Lakini jiulizeni: ni abiria wangapi waliokaa kiti cha nyuma wakamlipa nauli, bila kujua kuwa anayewaendesha ndiye yule wa redioni?

Mwaka wa 2002 Kadenge alipewa Harambee Stars, timu ya taifa, aifundishe. Ilikuwa heshima kubwa. Lakini hesabuni miaka. Alikuwa na miaka 67. Gyamfi alipoinua kombe lake la kwanza kama mwalimu alikuwa na miaka 33. Elimu ya Kadenge ilikaa kichwani mwake miaka mingi mno kabla nchi haijaikumbuka.

Swali la tatu: Katika mtaa wenu ni nani mwenye ujuzi ambao hakuna aliyemwomba aufundishe? Fundi wa ngalawa? Mkunga? Mshona viatu? Mchezaji wa zamani?

5. SIKU ZA MWISHO

Katika miaka yake ya mwisho Kadenge aliugua, akapata kiharusi. Gharama za matibabu zikawa nzito kwa familia. Watu wa nia njema na viongozi wa nchi walijitokeza kumsaidia, na waliosaidia wanastahili shukrani. Alifariki Nairobi tarehe 7 Julai 2019, akiwa na miaka 84. Nchi ilimlilia, na uwanja wa City Stadium ukaitwa kwa jina lake.

Ni vizuri kumpa mtu uwanja. Lakini uwanja hautibu kiharusi. Mchango wa harambee nao una shida yake: huja wakati mtu ameshalala kitandani, na humfikia mwenye jina kubwa. Kama Kadenge, ambaye jina lake lilijulikana na kila mtoto, alihitaji kuchangiwa, itakuwaje kwa yule aliyecheza naye ambaye jina lake halikutajwa redioni? Itakuwaje kwa mpagazi wa Changamwe ambaye mgongo umekatika? Au mama aliyeuza samaki Likoni miaka 40, na sasa macho hayaoni?

Hapo ndipo mlipo ninyi na kikundi chenu.

6. IGIZO FUPI

Wanakikundi wawili waigize mazungumzo haya. Kijana ni mchezaji wa timu ya mtaa wa Mtongwe. Mjomba ni mchezaji wa zamani.

KIJANA: Shikamoo mjomba.

MJOMBA: Marahaba mwanangu. Nasikia jana mmeshinda.

KIJANA: Tumewapiga tatu bila! Mdhamini katupa pesa, tumegawana, kila mtu mia tano.

MJOMBA: Mia tano yako iko wapi?

KIJANA: (anacheka) Ah, mjomba! Soda, chipsi, na bando la simu. Imekwisha.

MJOMBA: Na goti lako lile lililovimba, umelipeleka hospitali?

KIJANA: Bado. Sina pesa.

MJOMBA: Kumbe jana ulikuwa nazo.

KIJANA: Lakini mjomba, mia tano ingefanya nini? Hospitali wanataka maelfu.

MJOMBA: Mia tano yako peke yako, kweli, ni chipsi. Mia tano za watu ishirini na wawili ni elfu kumi na moja. Mimi na wenzangu hatukuipiga hesabu hiyo. Tazama mguu wangu huu.

Swali la nne: Nani mwenye kosa hapa? Kijana? Mdhamini? Timu? Mjomba aliyenyamaza siku zote? Kila mtu atoe sababu.

7. KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Akina mama wengi wa Pwani wanaujua mchezo wa pesa: wanachanga, leo anapewa huyu, kesho yule. Ni mchezo mzuri, lakini pesa huingia na kutoka, mwisho wa mwaka chungu kiko kitupu. Tunapendekeza mambo manne ya kuongeza juu yake.

(a) Andikeni. Timu nyingi za mitaa hazina daftari. Timu, kama kikundi kingine chochote, yaweza kuandikishwa kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, ikawa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Zawadi ikipatikana iandikwe siku ile ile, mbele ya watu wawili au watatu. Kumbukeni karatasi ya Pittsburgh.

(b) Tengeni pesa za matibabu kabla ya maradhi. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali iko chini ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Kiwango cha chini kilichowekwa ni shilingi 300 kwa mwezi, na mtu asiye na mshahara hutakiwa alipe za mwaka mzima, yaani shilingi 3,600. Kuzipata kwa mkupuo ni kazi. Kikundi chaweza kumpunguzia mtu mzigo huo. Tupige hesabu ubaoni:

Watu 22, kila mmoja shilingi 100 kwa wiki.
Kwa wiki: shilingi 2,200.
Kwa mwaka wa wiki 52: shilingi 114,400.
Toa bima ya watu 22, yaani 22 mara 3,600: shilingi 79,200.
Zinabaki: shilingi 35,200.

Mnaona? Kwa shilingi 100 kwa wiki kila mtu ana bima, na kikundi kimebaki na mtaji. Wengine watatozwa zaidi ya kiwango cha chini, kwa hiyo kila mtu aulize kiwango chake kwanza.

(c) Wekeni akiba ya uzeeni. NSSF ilianzisha mpango uitwao Haba Haba kwa watu wasio na mwajiri, ambao mtu angeweza kuanza na shilingi 25 kwa siku. Mtumeni katibu ofisini kwao aulize masharti ya sasa, kisha alete taarifa mkutanoni. Msiingie jambo la pesa kwa kusikia tu.

(d) Fundishaneni mapema. Kijana anayetaka kuwa kocha asingoje mpaka goti life. Kuna kozi za ukocha za ngazi ya chini zinazotolewa kupitia shirikisho la mpira, na kikundi chaweza kumchangia mmoja aende, kwa sharti kwamba akirudi atawafundisha watoto wa mtaa. Vivyo hivyo kwa ufundi mwingine. Na wale wazee wenye ujuzi, waiteni sasa wangali na nguvu. Msiwangoje wafike miaka 67.

8. KUMBUKENI

Kadenge hakukosa kipaji, wala hakuwa mvivu. Alifanya yaliyo yake, tena kwa furaha ya mamilioni. Kilichokosekana kilikuwa upande wetu sisi tuliopiga makofi: hatukumwekea chochote wakati viwanja vimejaa. Makofi ni matamu masikioni, lakini hayawekwi benki.

Kila mmoja wetu ana wakati wake wa "Kadenge na mpira". Ni ile miaka ambayo mikono ina nguvu na soko linatujua kwa jina. Mpira ukiwa bado miguuni, ndio wakati wa kupanga.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kikundi chenu kina miaka mingapi? Ni wanachama wangapi waliougua tangu kianze, na walisaidiwa na nani?

2. Kuna mwanachama ambaye nguvu zake zimepungua na hawezi tena kuchanga? Kikundi kimeamua nini juu yake? Kama hamjaamua, amueni leo mbele yake, si nyuma yake.

3. Ni ujuzi gani mtaani kwenu utakaozikwa pamoja na mwenyewe kama haufundishwi?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mtu amtembelee mzee mmoja aliyewahi kusifika kwa jambo lolote: mpira, taarabu, uvuvi, ushonaji. Amuulize: "Kama ungeanza tena, ungeweka nini akiba?" Jibu aliandike, aje alisome kikundini. Na asiende mikono mitupu. Hata mkate wa mia ni salamu.

Haba na haba hujaza kibaba.